STAA KACHEMKA NA "IMPALA YA 1974", HALAFU ANAMUITA FUNDI WA TITYE MSHAMBA?

Mjini kiki haziishi. Safari hii staa mmoja wa Bongo Fleva kaposti picha amekaa juu ya buti la Chevrolet ndefu, chini yake kaandika: "Impala ya 1974, mtoto wa mjini." Mashabiki wakamwaga moto na makopakopa. Fundi mmoja kijana wa Titye, kule Kasulu, akakomenti kwa heshima: "Kaka, hiyo siyo ya 1974. Cheki taa za nyuma." Jibu likaja fasta: "Mshamba wa mwisho wa reli, kalime." Kisha akapigwa bloku.

Sasa ukweli usemwe: fundi yuko sahihi.

Gari la kwenye picha lina taa tatu za mviringo kila upande. Hizo ni alama ya Impala za miaka ya 1960. Ya 1974 ina taa za pembe nne. Halafu cheki bampa: Marekani ilitaka bampa la mbele lihimili kugonga kwa kilomita 8 kwa saa kuanzia magari ya 1973, la nyuma likafuata 1974. Ndiyo maana ya 1974 ina mabampa manene. La staa ni jembamba kama mkanda.

Na urefu je? Impala ya 1974 inapita mita 5.6. Probox zinazobeba abiria Kasulu hazifiki hata 4.3! Madude hayo yalibuniwa mafuta yakiwa bei chee kwa Wamarekani. Mgogoro wa mafuta wa Oktoba 1973 ukayakuta barabarani, na Impala ya 1977 ikaja imepunguzwa urefu. Anayejua stori hiyo ndiye analipenda gari. Mwingine anapenda kupigia picha tu.

Eti timu staa wanajitetea: "Usukani uko kushoto, so ni ya Marekani ya 1974." Jamani! Burundi, jirani kabisa na Kasulu, wanaendesha upande wa kulia. Usukani wa kushoto siyo habari mpya kwa mtu wa Titye, na mwaka wa gari hausomwi kwenye usukani.

Kinachouma zaidi ni hilo tusi. Watu wa Kigoma wamezoea kuulizwa kama ni Warundi kila wakifungua mdomo. Leo hata kujua gari nako kumekuwa ushamba? Vijana wa stendi kule wanaitambua Fuso kwa mlio kabla haijatokeza kwenye kona. Huo ni ujuzi, na unalisha familia.

Staa amfungulie bloku dogo, amuombe radhi, arekebishe kapsheni. Gari la kukodi linarudishwa jioni, ulimbukeni anabaki nao.

Wadau, nani mshamba hapo?