Gari lililokataliwa likashinda Le Mans

Mpenzi wa magari ya kasi alijua jina la Ferrari tangu utotoni, lakini huenda hajasikia kisa cha 250 LM, gari ambalo wakuu wa mbio walilikatalia mlangoni.

Lilionyeshwa Paris mwaka wa 1963. Injini yake ya silinda 12 ilikaa nyuma ya dereva, si mbele kama ya 250 GTO iliyolitangulia. Enzo Ferrari alitaka lishindane katika kundi la magari ya GT, lakini shirikisho la FIA likamwambia aunde 100 kwanza. Mia! Yaliyopata kuundwa hayazidi thelathini na ushei. Mzee alikasirika hata akarudisha leseni yake ya mbio, na gari lake likalazimika kupambana na magari makali zaidi.

Ikafika Juni 1965, mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Magari mapya ya kiwanda cha Ferrari yalisumbuliwa na breki, nayo ya Ford yakaharibika mapema. Likasonga mbele 250 LM la timu ya NART, ya Luigi Chinetti, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Madereva Jochen Rindt na Masten Gregory, yule wa miwani mizito, inasimuliwa kuwa walilikimbiza bila huruma, maana hawakutarajia lingemaliza.

Lilimaliza, tena la kwanza. Ferrari haikushinda tena Le Mans hadi 2023. Gari lenyewe liliuzwa Paris, Februari 2025, kwa zaidi ya Euro milioni 34.