SHERIA YA SARAFU: MAMA WA SOKONI SI BENKI



Mmekwisha kusikia kwamba nchi yetu sasa ina sheria ya sarafu za kidijitali, yaani fedha zisizoshikika kwa mkono, ziandikwazo katika kompyuta na simu. Rais aliitia sahihi tarehe 15 Oktoba 2025, ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba. Kazi ya kutoa laiseni na kusimamia imegawiwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sisi twasema sheria ilihitajika, lakini imekatwa kwa kipimo cha mtu mnene, na mtu mwembamba naye ataambiwa aivae.

Kwanza tueleze kwa nini ilihitajika, maana wako watakaodhani tunawatetea walaghai. Hatuwatetei. Katika karakana na stesheni tunawajua wenzetu waliotia akiba zao katika sarafu zilizonadiwa kwa WhatsApp. Waliona hesabu ikipanda kila siku, na siku ya kutaka kutoa fedha simu ya muuzaji ikazimwa. Mmoja alikuwa ametia mkopo alioomba kwa ajili ya karo. Hapakuwa na ofisi ya kwenda kugonga mlango. Benki Kuu ilitoa onyo tangu Desemba 2015, lakini onyo si ulinzi. Ni kama kuandika HATARI mahali barabara inapokata reli, kisha usiweke geti wala mlinzi. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi ili Worldcoin iwapige picha za mboni za macho, wapewe sarafu. Serikali ilisimamisha kazi ile tarehe 2 Agosti, macho ya watu wengi yakiwa yamekwisha kupigwa. Mahakama Kuu iliamuru picha hizo zifutwe mwezi wa Mei 2025. Je, si ingekuwa heri mlinzi awe getini kabla ya gari kupita?

Basi wale wanaoshika fedha za watu na kuzibadilisha kwa faida, na walazimishwe kuwa na ofisi, hesabu zilizokaguliwa, na mtu wa kujibu. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wetu ni huu. Sarafu hizi si za aina moja. Ziko za kubahatisha, mtu ananunua leo akiomba bei ipande kesho. Na ziko ndogo sana za jirani kwa jirani, ambazo hakuna awezaye kutajirika nazo hata akitaka. Wenzetu wa Changamwe wanaujua mtaa wa Bangladesh kule Mombasa. Mwezi wa Mei 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa huo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Mpango ulikuwa rahisi. Tarehe za katikati ya mwezi shilingi hazipo, lakini samaki wapo, maji yapo, kinyozi yupo. Kwa mfano mama wa samaki hununua maji kwa vocha, muuza maji akanyolewa kwa vocha, kinyozi akala samaki kwa vocha, na shilingi chache walizo nazo zikabaki za karo na kodi ya nyumba. Kila mmoja anadhaminiwa na wenzake wanaomjua. Hili ni daftari la deni la dukani, ila limefunguliwa watu wote waone.

Ikawaje? Kabla mwezi haujaisha polisi walikuja. Bwana Will Ruddick, Mmarekani aliyesaidia kuanzisha mpango huo, alikamatwa pamoja na Wakenya watano, wakashukiwa kughushi fedha. Wakubwa wengine walidhani ni kazi ya watu wanaotaka Pwani ijitenge! Vocha za kununulia mandazi zikawa jambo la usalama wa nchi. Mashtaka yaliondolewa mwezi wa Agosti, lakini kwa miezi ile mtu wa biashara ya meza moja aliacha meza yake akaenda kortini, na nani alimlipa siku zake?

Mpango ule haukufa. Uliingia katika simu ukaitwa Sarafu, hesabu zake zikaandikwa katika daftari la kompyuta nyingi kwa pamoja, ambalo wataalamu huliita blokucheni, na mwenye simu ya vibonye akaweza kuutumia. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021, wakati wa korona na njaa yake, watumiaji walikuwa kama 40,000. Hao hawakuwa wacheza kamari.

Sasa tazameni sheria mpya. Anayetaka laiseni lazima awe kampuni ya hisa. Ndugu, ni chama gani cha akina mama ambacho ni kampuni ya hisa? Ni ushirika gani?

Wakili mmoja atatujibu kwamba vocha za mtaani huenda hazimo katika sheria hii, mkiisoma vema. Asante, bwana wakili. Mwaka 2013 pia mawakili walijua kwamba hapakuwa na kesi. Askari ndiye hakujua, na askari ndiye aliyekuja na pingu. Kama hazimo, iandikwe waziwazi kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila kituo cha polisi.

Na msidhani kwamba sheria ikimpiga mkubwa, mdogo hasikii. Mwezi wa Desemba 2020 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani waliishtaki kampuni ya Ripple juu ya sarafu ya XRP. Waliokuwa na XRP hawakushtakiwa kwa lolote, lakini mabroka wakubwa wa huko waliacha kuiuza, bei ikaanguka, na mtu wa kawaida akabaki na mali isiyo na mnunuzi. Mwezi wa Julai 2023 hakimu aliamua kwamba mauzo yaliyofanywa kwa umma katika masoko hayo hayakuvunja sheria ya hisa. Aliyekuwa ameuza kwa hofu hakurudishiwa senti.

Hata kodi tumekwisha kuionja. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka asilimia 3 juu ya thamani yote ya sarafu ibadilishwapo, si juu ya faida. Shilingi 1,000 ikipita mikono kumi, kodi ni shilingi 300, hata kama hakuna aliyepata faida ya senti tano. Sheria ya Fedha ya 2025 iliifuta, ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya wafanyabiashara wa sarafu. Hiyo ni afadhali, ingawa twajua ada hiyo itatoka mfuko wa nani.

Serikali haiwezi kusema kwamba kupima kubwa na ndogo ni kazi ngumu. Imekwisha kuifanya kwa Sacco. Kanuni za 2020 zilisema kwamba Sacco isiyo na huduma ya kutoa akiba kaunta itakuwa chini ya SASRA akiba zake zikizidi shilingi milioni 100. Zilizo chini ya hapo zinabaki kwa Kamishna wa Ushirika. Na sheria ya 2022 inaviandikisha vikundi vya kijamii bila kuvigeuza kuwa makampuni. Waziri wa Fedha amepewa uwezo wa kuandika kanuni chini ya sheria hii mpya. Basi na achukue kipimo hicho hicho: chini ya kiasi fulani, kikundi kijiandikishe tu, kitoe hesabu mara moja kwa mwaka, na kisilipe laiseni.

Makatibu wa matawi wanaombwa kusoma maneno haya katika mkutano wa mwezi, na kuandika majina ya vikundi vinavyotumia vocha au sarafu za namna hii katika mitaa yetu, hasa Mombasa na Nairobi. Wachumba wa kazi hii ni wake zetu walio sokoni. Waiteni nao waseme wenyewe. Barua itapelekwa Wizara ya Fedha na Benki Kuu, na nakala itaachwa katika kila ofisi ya tawi.