Gemu za besiboli: Mvua inanyesha, mbona hakuna anayelowa?

Wasomaji wetu walioko nyumbani watuwie radhi. Leo hatuzungumzii uchaguzi, bei ya mafuta wala Simba na Yanga. Tunazungumzia besiboli, tena si ile ya uwanjani bali ile ya kwenye kompyuta, na hata hiyo si yote, ni hali yake ya hewa tu. Tunajua wapo watakaosema hawa jamaa leo wamekosa cha kuandika. Sababu tunayo, na imetoka nyumbani kwetu wenyewe.

Mmoja wetu ana mtoto wa kiume wa miaka 12, aliyezaliwa huku huku Marekani. Baba mtu alikulia Tanga. Anajua kandanda, anajua kidogo kriketi, besiboli hakuwahi kuiona kwa macho hadi alipokwishavuka bahari. Kwa hiyo mtoto hakufundishwa mchezo huu na baba wala mjomba. Alifundishwa na gemu. Raundi tisa, mrushaji na mpigaji, lini ukimbie na lini utulie, yote aliyapata kwenye kioo. Aprili iliyopita akajiunga na timu ya mtaa. Siku ya kwanza ilikuwa baridi kali, upepo unatoka ziwani. Akapiga mpira wa kwanza kwa rungu la aluminiamu, akaliachia chini, akakunja viganja kwapani, machozi yakamtoka. Hakuna aliyemgusa. Anayepiga mpira kwenye baridi ya namna ile anajua, mtetemo wa rungu unachoma mikono kama umeshika waya wa umeme. Usiku akamuuliza baba yake: "Baba, mbona kule kwenye gemu Aprili haiumi?"

Baba hakuwa na jibu, akatuletea swali hilo sisi. Na sisi, baada ya kulizungusha siku kadhaa, tunaona mtoto ana haki.

Hatukatai kwamba watengenezaji wamepiga hatua. Siku hizi mawingu yanajikusanya, vivuli vya jukwaa vinatambaa uwanjani kadiri jua linavyoshuka, na matone ya mvua yanaonekana kwenye kofia ya mpigaji. Ni kazi ya kupendeza. Ila tunauliza swali moja tu: mvua hiyo inafanya nini? Je, mpira unamteleza mrushaji? Nyasi zikilowa, mpira unaotambaa chini unapunguza mwendo? Mara nyingi jibu ni kwamba mvua imechorwa, basi. Ni kama pazia la nyuma la mpiga picha wa studio: umesimama mbele ya maporomoko ya maji, shati kavu.

Kwenye besiboli jambo hili si dogo. Kandanda huchezwa mvua ikinyesha na mtu akateleza akaamka. Besiboli ni mchezo wa mpira mdogo unaoruka futi 400 hewani, na hewa ndiyo inayoamua unatua wapi. Kwa makadirio ya wanafizikia walioushughulikia mchezo huu, kila joto likipanda nyuzi 10 za Farenhaiti, mpira uliopigwa mbali unaongeza futi 3 hivi. Upepo wa maili 10 kwa saa unaousukuma kwa nyuma unaweza kuuongezea futi 30. Na futi 30 ndiyo tofauti kati ya mpira uliodakwa, mpigaji akarudi benchi ameinamisha kichwa, na mpira uliovuka uzio, ambao wenyewe wanauita homurani.

Chukua uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, uliofunguliwa mwaka 1914 karibu na Ziwa Michigan. Upepo ukitoka ziwani unampuliza mpigaji usoni, na mpira uliopigwa barabara unasimama angani na kushuka taratibu kwenye glavu. Upepo ukigeuka ukatoka kusini-magharibi, mpira ule ule unakwenda kutua barabarani, nje ya uwanja. Tarehe 17 Mei 1979 upepo ulikuwa unasukuma kuelekea nje. Philadelphia Phillies waliwashinda wenyeji, Chicago Cubs, mikimbio 23 kwa 22, na ilibidi waende hadi raundi ya 10. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, timu kupata mikimbio minne au mitano ni jambo la kawaida. Siku ile mipira 11 ilivuka uzio. Dave Kingman wa Cubs peke yake alipiga mitatu, na bado timu yake ikalala.

Sasa gemu inaufanyaje uwanja kama huo? Njia iliyozoeleka, tangu enzi za michezo ya kadi na dadu kama Strat-O-Matic ya Hal Richman iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, ni kuupa kila uwanja namba yake. Unahesabu homurani zilizopigwa pale msimu mzima, unalinganisha na zile timu hizo hizo zilizopiga kwingine, unapata kipimo. Wrigley inatoka na namba ya katikati hivi. Lakini namba hiyo ni wastani wa siku ambazo mpira haupiti na siku ambazo hauzuiliki. Ni uwanja ambao haujawahi kuwapo siku hata moja. Watu wa pwani yetu wataelewa haraka. Nahodha wa jahazi hakuuliza wastani wa kaskazi na kusi kwa mwaka, aliuliza leo unavuma upi. Angefuata wastani asingefika Maskati.

Hapo ndipo wanapoingia wale wanaotaka uhalisia, wakaongeza upepo wa siku juu ya namba ile. Out of the Park, gemu ya umeneja iliyoanzishwa na Mjerumani Markus Heinsohn mwishoni mwa miaka ya 1990, inakuandikia nyuzi za joto, kasi ya upepo na unaelekea upande gani. Tunaipongeza. Hata hivyo kuna mtego ambao kila mtengenezaji inabidi auepuke, nao hausemwi sana. Kipimo cha uwanja kimetokana na michezo iliyochezwa kwenye upepo na baridi halisi. Hali ya hewa tayari imo ndani yake. Ukiichukua namba hiyo nzima, kisha ukaongeza upepo wa leo juu yake, umehesabu upepo mara mbili. Umetia chumvi kwenye mchuzi uliokwisha tiwa chumvi. Na takwimu za mchezaji ni vivyo hivyo. Aliyepigia Denver msimu mzima, wepesi wa hewa ya Denver umo ndani ya namba zake.

Dawa ipo na wala si ya ajabu. Hali ya hewa ya siku ihesabiwe kwa tofauti yake na kawaida ya uwanja ule kwa mwezi ule. Kama Julai ya St. Louis kwa kawaida ni ya moto, basi siku ya moto isibadilishe kitu, ibadilishe siku ya baridi isiyotarajiwa. Kazi yenyewe ni kutoa na kujumlisha tu. Mchezaji wa gemu hataiona kwenye kioo, na pengine ndiyo sababu mara nyingi fedha inakwenda kwenye matone ya mvua.

Kwa kuwa tumeitaja Denver, tulimalize na suala la unyevu, maana hapa gemu na mashabiki wanakosea pamoja. Sisi Waswahili tunasema hewa ya Dar mwezi Machi ni nzito. Ni nzito kwa mwili, kweli, jasho halikauki. Kwa mpira ni kinyume. Hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto hilo hilo, kwa sababu chembe ya maji ina uzito mdogo kuliko chembe za naitrojeni na oksijeni inazozisukuma kando. Kwa hiyo gemu inayokuambia "unyevu mwingi, mpira hautafika" imekosea kuhusu hewa. Ila mpira wenyewe ukihifadhiwa kwenye unyevu, unafyonza maji, unaongeza uzito na kupunguza kuruka. Ndiyo maana wenye uwanja wa Coors Field wa Denver, ulio futi 5,200 juu ya usawa wa bahari, waliamua mwaka 2002 kuweka mipira kwenye chumba maalumu chenye unyevu, na homurani zikapungua. Kufikia mwaka 2022 viwanja vyote 30 vya ligi kuu vilikuwa na chumba hicho. Unyevu wa hewani na unyevu wa mpirani ni vitu viwili, kila kimoja kinavuta upande wake.

Turudi kwenye mvua, maana ndiyo kubwa. Tarehe 27 Oktoba 2008, mchezo wa tano wa fainali, Phillies wakiwa nyumbani dhidi ya Tampa Bay Rays. Mvua ikanyesha hadi uwanja ukawa bwawa. Nusu ya kwanza ya raundi ya sita Rays wakasawazisha, 2 kwa 2, na mchezo ukasimamishwa. Haukumalizika usiku ule wala kesho yake. Uliendelea tarehe 29. Mrushaji bora wa Phillies, Cole Hamels, alikuwa amerusha mipira 75 tu, bado ana nguvu. Lakini baada ya siku mbili mkono haurudi pale ulipoachia. Zamu yake ya kupiga ilipofika, akawekwa mwingine, Geoff Jenkins, ambaye alipiga mpira wa nguvu na baadaye akafunga. Phillies wakatwaa ubingwa kwa 4 kwa 3.

Huo ndio uhalisia tunaoutaka. Mvua imnyang'anye meneja mrushaji wake. Imlazimishe kuchagua: nimrudishe baada ya saa nzima ya kungoja, au nimpumzishe nihatarishe mchezo? Mchezo uahirishwe, kesho ichezwe miwili kwa siku moja, na keshokutwa awe hana mtu wa kurusha. Kwenye gemu ya umeneja, ambako siku nzima inapita kwa kubonyeza kitufe kimoja, hakuna anayepotezewa muda. Watakaotuambia "nani analipa fedha zake akaangalie turubai limetandikwa uwanjani?" wana hoja kwa gemu ya kushika mashine mkononi. Kwa gemu ya hesabu hawana.

Na hesabu zenyewe hazisimami mahali pamoja. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dartmouth walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani limechangia homurani zaidi ya 500 tangu mwaka 2010. Ni sehemu ndogo ya zote, lakini gemu hizi hukuruhusu kucheza misimu 40 au 50 mbele. Joto la Aprili ya mwaka 2065 litakuwa lile lile la leo? Vilevile paa. Oktoba 2024 kimbunga Milton kilipasua paa la uwanja wa Rays, na msimu wa 2025 timu iliyozoea kucheza ndani ikacheza uwanja wa wazi mjini Tampa. Ratiba ilipangwa upya ili michezo mingi ya nyumbani ichezwe mapema, kabla ya mvua za kiangazi. Timu nzima ilihamishwa na hali ya hewa. Uwanja unaowekwa kwenye gemu mara moja ukaachwa hivyo miaka kumi hauwezi kusimulia habari kama hiyo.

Tunakiri kwamba wengi wanaocheza huzima kabisa kitufe cha hali ya hewa. Wanataka mchezo ulio sawa kwa wote, asishinde mtu kwa bahati ya upepo. Hatuwalaumu. Sisi tunawasemea wale wanaokiwasha, na hasa watoto wetu wa huku, ambao kwao gemu ndiyo mwalimu wa kwanza na mara nyingine wa pekee, kwa vile sisi wazazi tulikulia kwenye mpira mwingine kabisa.

Kijana wetu aliendelea na timu. Baba yake alimnunulia glavu nyembamba za kuvaa ndani, dola 14. Mchezo wao wa pili uliahirishwa kwa mvua, na wa tatu pia. Jumamosi ya mwisho wa Mei wakacheza miwili kwa siku moja, na mrushaji wao mzuri, kwa sheria ya umri wake, hakuruhusiwa kurusha wa pili. Walifungwa 11 kwa 3. Alirudi nyumbani amechoka, ana tope hadi magotini, akaenda moja kwa moja kuwasha kompyuta kuona kama kule nako jambo kama hilo linaweza kutokea.

Halikutokea.