Resho inayopika polepole jioni

Wamama wapenzi, wengi wetu tumepunguza makala sababu ya bei, tukanunua resho ya umeme. Na karibu kila avenyi iko na mama anayelalamika: mchana maharagi yanachemka vizuri, lakini saa moja ya jioni hata maji ya chai yanakataa. Kisha jirani anamupa shauri: "Fundi akate rezistansi kidogo, itashika moto." Tumesikia shauri hilo mara nyingi, na wiki hii tunalipima kwa hesabu. Chukueni kalamu, ao muombe mtoto wa sekondari akae karibu.

Sisi huku tunaita umeme wote "kuranta", lakini fundi anatenganisha mambo. Volti ni nguvu inayosukuma. Ampere ni wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Wati ni kazi inayofanyika, na kwa resho kazi ni joto. Rezistansi, ile tunayonunua sokoni, ule waya uliojikunja-kunja ndani ya resho, imepewa jina hilo kwa sababu inazuia umeme kupita ovyo. Kizuizi hicho kinapimwa kwa omu, jina la Georg Ohm, mwalimu Mjerumani aliyetoa kanuni yake mwaka 1827.

Kanuni zenyewe ni mbili. Wati ni volti mara ampere. Omu ni volti ukigawanya kwa ampere.

Geuza resho yako na usome chini. Tuseme imeandikwa 220 V na 1000 W. Gawanya 1000 kwa 220: inakula ampere 4,5. Sasa gawanya 220 kwa 4,5: rezistansi yake ni karibu omu 48. Hiyo omu 48 ni ya waya wenyewe. Haibadiliki sana, umeme uwe mwingi ao kidogo.

Jioni kila nyumba inawasha, na volti zinashuka. Tuseme zimebaki 160. Gawanya 160 kwa 48: ampere 3,3. Zidisha na 160: wati 530 hivi. Volti zimepungua kwa robo na kitu, lakini joto limepungua karibu nusu! Ndiyo maana sufuria inalala. Resho haina ugonjwa wowote.

Sasa fundi anakata nusu ya rezistansi. Zinabaki omu 24. Kwa volti 160 zinapita ampere 6,6, na joto linarudi wati zaidi kidogo ya 1000. Mama anafurahi, fundi analipwa. Lakini saa nne ya usiku majirani wamezima, volti zinapanda tena mpaka 220. Gawanya kwa 24: ampere 9, na wati karibu 2000. Resho iliyotengenezwa kwa 1000 inatoa mara mbili, na kamba yake, prizi yake, na kile kiwashio chake cha plastiki ni vya resho ndogo. Hata yule anayeunga rezistansi iliyokatika kwa kusokota ncha zake mbili anaifupisha vilevile, ingawa kwa kiasi kidogo.

Ongeza ralonji. Nyingi zimeandikwa 10 A. Resho mbili nzima zinakula ampere 9, zinaingia, ingawa kwa shida. Moja ikikatwa nusu, jumla inakuwa zaidi ya 13. Na hapo kuna jambo ambalo watu hawalijui: joto ndani ya waya linafuata ampere mara ampere, mara omu. Prizi iliyolegea, yenye kizuizi cha nusu omu tu, kwa ampere 9 inatoa wati 40. Kwa ampere 13 na nusu inatoa zaidi ya 90, katika kipande kidogo kama ukucha. Balbu ya zamani ya wati 60 haikushikika kwa mkono. Wale wanaokaa katika nyumba za mbao wanaelewa tunaongea nini.

Kwa hiyo, mama ambaye resho yake inachelewa jioni, kwanza angalia taa na sauti ya frigo ya jirani. Kama na vyenyewe vimechoka, shida iko kwenye laini. Pika maharagi mchana, jioni upashe moto tu. Kama resho imekatika kweli, nunua rezistansi mpya yenye wati zilezile zilizoandikwa chini, na muombe fundi apime omu mbele yako, resho ikiwa imechomolewa. Kwa 1000 W mashine yake ionyeshe karibu 48. Ikionyesha 30, usikubali hata kama anapunguza bei.

Na kwa yule ambaye resho yake ilikwisha kukatwa: usiiweke kwenye ralonji, usiiache ikiwaka wakati unalala, na ukigusa kichwa cha kamba baada ya kuchomoa ukakuta ni cha moto, isiwashwe tena mpaka rezistansi ibadilishwe.