Onyo Limeandikwa, Utafiti Umekwepwa

Desemba 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Alyftrek, dawa mpya ya ugonjwa wa sistiki fibrosisi kutoka kampuni ya Vertex ya Boston. Karatasi yake ya maelezo ilitoka na onyo la ngazi ya juu kabisa, lile linalozungushiwa fremu nyeusi: dawa hii yaweza kuliharibu ini hadi likashindwa kazi, na mgonjwa akafa. Trikafta, dawa ya kampuni hiyohiyo iliyoko sokoni tangu 2019, nayo ikabandikwa onyo hilo. Silipingi, ni la kweli. Kinachoudhi ni kwamba wanaotishwa zaidi nalo ni watu waliofungiwa mlango wakati dawa inajaribiwa.

Sistiki fibrosisi hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Jeni ya CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989, ikiwa na kasoro, chumvi na maji havipiti inavyotakiwa kwenye kuta za seli, na ute wa mwili unakuwa mzito wa kunata. Mapafu ndiyo huua wengi, kwa hiyo ndiyo husemwa. Ini huumia kimyakimya: nyongo inaganda kwenye mirija yake, mirija inaziba, makovu yanaanza. Kwa asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa makovu hayo hufikia sirosisi, wengi wao wakiwa bado watoto. Damu ikikosa njia ndani ya ini, bandama huvimba na mishipa ya umio hutuna. Ikipasuka, mgonjwa hutapika damu. Dawa ya asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo wagonjwa wamekuwa wakimeza kwa miongo kadhaa, haijathibitika kuzuia lolote kati ya hayo. Mwongozo wa shirika la Cystic Fibrosis Foundation wa 2024 haukuweza kuipendekeza wala kuikataa.

Ndiyo maana matumaini yalielekezwa kwa Trikafta, inayoirekebisha protini ya CFTR yenyewe badala ya kuhangaika na madhara yake. Jaribio lake mashuhuri lilikuwa na watu 403 na lilichukua wiki 24. Vimeng'enya vya ini vilipanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida kwa asilimia 8 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 5 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ni tofauti ndogo, ya kutuliza moyo. Lakini wenye sirosisi kali hawakuruhusiwa kushiriki.

Watetezi wa uamuzi huo wana majibu. Wanasema ni hatari kumjaribia dawa mtu ambaye ini lake tayari limechoka, na kwamba wagonjwa wa aina hiyo ni wachache. Wanaongeza kuwa mdhibiti huandika kile tu alichopelekewa. Sawa.

Tatizo ni kwamba jaribio lilifanyika hata hivyo. Dawa ilipoingia sokoni, wenye sirosisi waliandikiwa na madaktari wao, kwa sababu mapafu hayasubiri. Taarifa za ini kushindwa kazi, za upandikizaji na za vifo, zikiwamo za watu waliokuwa na sirosisi tangu mwanzo, zilitoka huko nje. Huko hakukuwa na kundi la kulinganisha wala ratiba moja ya vipimo. Mgonjwa yuleyule aliyeonekana dhaifu mno kwa utafiti wenye uangalizi wa karibu hakuonekana dhaifu mno kwa kidonge cha dukani. Ni kulipima daraja kwa baiskeli, kisha kuwaandikia wenye malori kibao cha tahadhari.

Na kibao chenyewe, cha Trikafta, kinasomeka kwa shida. Kinawapanga wagonjwa kwa mizani ya Child-Pugh: ini likiwa bovu kabisa, dawa isitumike, likiwa bovu kiasi, haipendekezwi, ila kwa haja ya wazi na kwa dozi iliyopunguzwa. Mizani hiyo hupima bilirubini, albumini, ugandaji wa damu, maji tumboni na kuchanganyikiwa akili. Ini la sistiki fibrosisi mara nyingi huendelea kutengeneza protini vizuri huku presha ya mishipa yake ikiwa juu. Mtu mwenye mishipa ya umio inayokaribia kupasuka anaweza kupata alama za kumweka salama. Daktari anayefuata mizani hiyo peke yake anaweza kumpa dozi kamili.

Kuhusu dozi iliyopunguzwa, msingi wake ni utafiti mdogo wa siku 10 kwa watu wenye ini bovu wasiougua sistiki fibrosisi. Kwa ini lililoharibika kabisa hakuna utafiti. Na tusiambiwe habari ya gharama! Mwaka 2024 Trikafta peke yake iliiingizia Vertex zaidi ya dola bilioni 10. Bei yake ya orodha ilianzia dola 311,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kampuni yenye kipato hicho inapowaachia wagonjwa kazi ya kugundua madhara kwa miili yao, na kwa pesa zao, hiyo si tahadhari ya kisayansi. Ni ubahili.

Sajili za wagonjwa zipo, lakini sajili huorodhesha yaliyotokea. Hailinganishi dozi na dozi. Tangu 2007 sheria ya Marekani inairuhusu FDA kuiamuru kampuni ifanye utafiti baada ya dawa kuidhinishwa. Iiamuru Vertex ilinganishe dozi kwa wenye sirosisi wenyewe, chini ya uangalizi, na matokeo yachapishwe yote.