Nyota Haikufifia, Imefifizwa

Washairi wenzangu, tumezoea kuandika kwamba nyota "imefifia", kana kwamba imechoka yenyewe. Mwezi wa Oktoba hapa Nyololo, Kilimia huchomoza usiku nyuma ya vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kikaonekana hafifu. Mkulima hasemi kimepungukiwa nuru, huulaumu moshi.

Huko juu mambo ni yayo hayo. Mwaka 1930 Robert Trumpler, akivipima vishada vya nyota huko California, alibaini kuwa vile vya mbali vina nuru haba kuliko umbali wake ulivyotaka. Katikati palikuwa na vumbi, chembe ndogo mno, zinazoizuia nuru ya buluu kuliko nyekundu. Ndiyo maana nyota zilizo nyuma yake huwekundika.

Basi naitetea kauli ya kutendeshwa: "imefifizwa". Mizani ni tano vilevile, na kitenzi chenyewe kinamdai msomaji aulize: na nani? Kina cha "zwa" ni kizito, nakiri, tena beti nzima yaweza kukwama hapo. Lakini tunavyo "tuzwa", "uzwa", "fukuzwa". Anayetaka zaidi na afungue kamusi.