Waliokosekana Kwenye Picha ya Mahafali



Ndugu wasomaji, mahafali ya kidato cha nne kwa kawaida hutangulia mtihani wenyewe wa mwezi wa Novemba. Picha ya darasa hupigwa kabla ya majibu, na siku hiyo wote ni sawa: mwepesi wa hesabu na mzito, mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi. Matokeo yakishatoka, darasa hugawika. Mmoja huenda kidato cha tano, mwingine chuo cha ufundi, mwingine hotelini Nungwi, na mwingine hubaki nyumbani akiepuka kuonana na wenzake.

Picha hiyo hutunzwa miaka mingi. Wazee waliosoma mjini Unguja wakikutana barazani, huanza na majina ya skuli: King George VI ndiyo Lumumba ya leo, na skuli ya serikali ya wasichana ndiyo Ben Bella. Kisha huja walimu, bakora na mizaha ya mapumziko. Mwishowe mmoja huuliza, "Fulani yuko wapi siku hizi?" Hapo kicheko hupungua.

Kwa waliosoma miaka ya 1960 swali hilo lina uzito wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia nyingi zilitawanyika. Waliokaa dawati moja wakajikuta Maskati, Dubai, Dar es Salaam na London. Mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka akiwa kijana aliyetoka kumaliza masomo. Hakuweza kurejea hadi 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Mwaka huohuo wa 1964, tarehe 23 Septemba, elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar, na watoto ambao wazazi wao hawakuwa na ada wakapata nafasi darasani. Kizazi kimoja kilipoteza wenzake na kikapata wenzake wapya.

Watoto wetu leo hutenganishwa na mambo mengine: mtihani, ufukara, maradhi, ndoa. Kuna aliyekwama kidato cha pili, sasa yuko dago na wavuvi. Kuna aliyekatishwa masomo, sasa analima mwani Paje akiwa na mtoto mgongoni. Hao hawamo kwenye picha ya mahafali, ingawa walikaa dawati moja na wahitimu tangu darasa la kwanza. Tunapolikumbuka darasa letu, mara nyingi tunawakumbuka waliofika mwisho tu.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alifariki, na Masahaba wakaliona jambo lake dogo, wasimpashe Mtume habari. Lakini Mtume aligundua kuwa mtu huyo haonekani, akauliza. Alipoambiwa amekufa, aliwahoji kwa nini hawakumjulisha, akataka aoneshwe kaburi, akamswalia hapo. Mafunzo yake ni mazito: asiyeonekana ana haki ya kuulizwa, hata kama watu wamemhesabu kuwa si kitu.

Basi, wahitimu wetu, andikeni orodha ya darasa kuanzia walioingia kidato cha kwanza, si waliomaliza kidato cha nne peke yao. Wasichana wawatafute wasichana, wavulana wawatafute wavulana, kwa adabu na sitara, pasi na kumtangaza mtu shida yake katika kundi la simu. Aliyeacha masomo njiani hajafungiwa mlango: upo Mtihani wa Maarifa, unaomwezesha kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Sehemu ya fedha za keki na fulana za mahafali ingeweza kuchangia ada yake na vitabu vyake. Mwalimu aliyestaafu naye atembelewe angali hai, na waliotangulia mbele ya haki waombewe dua kwa majina yao.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi na picha, usimuulize tu nani alikuwa wa kwanza. Muulize nani hakuwepo, na kwa nini. Swali hilo likizoeleka nyumbani, mtoto hukua akijua kwamba kufaulu kwake hakumwondolei haki ya mwenzake.

Imepokewa kwamba Masahaba wawili wakikutana, hawakuwa wakiachana mpaka mmoja amsomee mwenzake Suratul-Asr, sura fupi inayokumbusha hasara ya mwanadamu na kuusiana haki na subira. Hakuna kuagana kunakowafaa zaidi vijana wanaoliacha darasa lao.

Mwenyezi Mungu awafaulishe watahiniwa wetu, awafungulie njia waliokwama, na awarehemu waliotutangulia. Amin.